Nyota nne kwa kinyozi wa Majengo anayekataa kukwangua

Duka hili halina jina. Mlangoni kuna ubao wa bluu uliochorwa vichwa vitatu vya wanaume, kimoja kina denge, na neno KINYOZI limepakwa kwa rangi nyekundu iliyoanza kubabuka. Ukiwa Moshi mjini, fika Majengo uulize kinyozi anayepasha maji kwenye jiko la mkaa. Utaelekezwa na mtoto yeyote. Wateja humwita Mangi, yaani chifu wa Kichaga, ingawa mwenyewe ni Mrangi wa Kondoa na hana hata mgomba mmoja mlimani.

Niseme kwanza anayeongea ni nani, maana utashangaa mwanamke kuandika habari za kinyozi. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kliniki ya ngozi. Nywele zangu ni fupi kwa hiari yangu, kwa hiyo pale dukani nakalia kiti, sikai benchi la wasindikizaji. Wanangu wawili wa kiume wananyolewa hapo hapo, na baba yao pia, ambaye ndevu zake ndizo zilizotuhamisha kutoka kwa kinyozi wa zamani. Vijana wa pale wamenibandika jina la Bwana Afya kwa tabia yangu ya kuchungulia kila kopo na kunusa kila chupa. Nimelipokea.

Nianze na hizo ndevu. Baba watoto ni wa wale wanaume wanaoona aibu kwenda ibadani na kidevu chenye kivuli. Miaka yote alinyoa kwa wembe, ngozi akiivuta kwa vidole, na shingo yake ilikuwa imejaa vipele vigumu vyeusi, vingine vina kichwa cha usaha. Alishaambiwa ni mashine chafu, akaambiwa ni damu chafu, akaambiwa ni sabuni. Mke wake aliye muuguzi wa ngozi alimwambia ni wembe, lakini mke ni mke, hasikilizwi. Siku aliyokaa kwa Mangi akaagiza akwanguliwe mpaka ing'ae, fundi alimpapasa shingo kwa mgongo wa kidole, akaweka wembe chini.

"Mzee, samahani. Hapa nikikwangua nakuongezea ugonjwa halafu nakuchaji hela. Nitapitisha mashine juu juu, zibaki kidogo. Ukitaka kung'aa, nenda kwa mwingine, mimi sitakasirika."

Mzee alikasirika yeye. Lakini alibaki kwenye kiti, na kwa sababu ya maneno hayo mimi naandika haya.

Hebu tuingie ndani ya ngozi kidogo, ndipo utaona kwa nini fundi alikuwa sahihi. Unywele hauoti juu ya ngozi. Unaota ndani, kwenye kifuko chembamba kilichozama hadi tabaka la kati, lile lenye mishipa ya damu na neva. Kwa nywele za kichwani na za ndevu kifuko hushuka zaidi, mpaka kwenye mafuta yaliyo chini ya tabaka hilo. Kule chini kabisa ndiko kuna chembe hai zinazogawanyika. Zikisukumwa kwenda juu hujaa keratini, ile protini ngumu ya nywele na kucha, hukauka, hufa. Unywele unaouona nje umeshakufa, ndiyo maana mkasi hauumi. Pembeni ya kifuko kuna tezi ya mafuta inayomwaga mafuta yake humo humo, na chini ya tezi kuna msuli mdogo sana. Baridi ya Moshi ya mwezi wa saba ikikupiga, misuli hiyo hujikaza na vinyweleo vya mikono vikasimama. Unywele na mafuta hutokea mlango mmoja. Mlango huo ukichokozwa, vyote vinahusika.

Sasa, kwa wengi wetu Waafrika kifuko chenyewe kimepinda, na unywele unaotoka humo umepinda vilevile na ukiukata kwa upana si duara kamili, umebonyea. Wembe ukiupitia kwa mshazari huacha ncha kali kama ya ndoana. Kuanzia hapo kuna njia mbili za balaa. Ya kwanza, unywele unatoka nje, unajikunja, na ncha inatoboa ngozi hatua chache tu kutoka pale ulipotokea. Ya pili ni ya wanaovuta ngozi wakati wa kunyoa, au wanaotumia zile nyembe za makali mawili matatu: unywele huvutwa, hukatwa, kisha ngozi ikiachiwa unarudi chini ya usawa wa mlango. Ukianza kukua tena haupati hata nafasi ya kutoka. Unatoboa ukuta wa kifuko chake ukiwa bado ndani. Mwili hauutambui unywele uliopotea njia. Unauchukulia kama mwiba. Chembe za kinga zinakusanyika, sehemu inavimba, inawasha, inauma. Kipele kimezaliwa.

Angalia kwamba hapo sijataja kijidudu hata kimoja. Usaha ule mara nyingi hauna bakteria wa maana, labda ukikwaruza kwa kucha ndipo wanapoingia. Ndiyo maana vidonge vya antibaiotiki alivyokuwa akinunua mzee wangu vilimpunguzia kidogo halafu Jumapili ya pili vipele vikarudi vyote na ndugu zao. Kwenye kadi za kliniki vipele hivi vya ndevu tunaviandika PFB, kifupi cha jina lao la kitabibu. Tafiti za wanaume weusi wa Marekani hutaja kuanzia asilimia 45 mpaka 83 kati ya wanaonyoa, na jeshi la nchi hiyo kwa miaka mingi lilikuwa likitoa kibali cha kitabibu cha kutonyoa kwa askari wenye shida hii. Kama jeshi liliruhusu, mzee wa kanisa ni nani.

Ndevu hukua karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, sentimita moja hivi kwa mwezi. Zikiachwa kama wiki nne bila wembe, nywele nyingi zilizojichimbia hurefuka zikafyatuka zenyewe. Shida ni kwamba siku za mwanzo hali huwa mbaya zaidi kabla ya kutulia, na hapo ndipo wanaume wengi wanapokata tamaa na kurudia wembe. Fundi alimwambia mzee hivyo hivyo, kwa maneno yake ya kinyozi: "Itawasha, utanitukana, usinyoe." Sijui alijifunzia wapi. Nilipomuuliza alisema ni kwa kutazama shingo za watu.

Baada ya huo mwezi, utaratibu wake ni huu. Analainisha ndevu kwa kitambaa cha maji ya moto kwa muda wa kutosha, hana haraka, redio inaimba, wewe umefumba macho. Keratini ikinyonya maji inakuwa laini na unywele unakatika butu badala ya kuchongoka. Kisha anapitisha mashine kufuata ndevu zinakoelekea, havuti ngozi, anaacha kama milimita moja. Kwa mbali unaonekana umenyoa. Ukishika, unahisi sandipepa. Mwanaume anayetaka shavu la mtoto mchanga hatoridhika hapa, na nimeshawasikia wakitoka wakilalamika kwamba wamelipa nusu kazi. Kwa shingo ya mzee wangu hiyo nusu kazi ndiyo iliyomponya. Vipele vimekwisha isipokuwa viwili vitatu chini ya taya, ambapo ndevu zinaota kwa kuzunguka na hakuna mashine inayojua zinakwenda wapi.

Madoa yamebaki. Hili watu hawalielewi. Ngozi yetu ikivimba, chembe zinazotengeneza melanini zikichokozwa humwaga rangi zaidi ya kawaida, na kipele kikishapona doa linaweza kukaa miezi. Haliumi, si kovu, litafifia lenyewe kama hujalichokoza tena. Lakini hapo ndipo mtu anapokwenda kununua mkorogo ili "asafishe shingo". Ndani ya mikorogo mingi kuna haidrokwinoni, au zebaki, au klobetasoli, ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya daraja la juu kabisa la nguvu. Doa linapauka kweli, na ngozi nayo inakonda, inajaa chunusi, na fangasi akiwemo anafichwa, anatambaa chini kwa chini bila kuonyesha ule mduara wa choa tuliouzoea. Hapa dukani palikuwa na kikopo cha krimu isiyo na lebo, kimeletwa na mama mmoja wa kupitisha bidhaa. Nilikiuliza. Niliporudi hakikuwepo. Nyota moja kati ya hizi nne ni ya kikopo kile.

Mashine. Anazo mbili za Wahl za waya na moja ya kuchaji kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Vitana vyake vyote vipo, na hili si dogo: duka ambalo kitana cha namba moja kimepotea watakunyoa namba ziro hata kama hukuomba. Namba moja inaacha milimita 3, namba mbili 6. Mimi hunyolewa namba mbili juu, moja pembeni, na kisogoni naomba asiupige ule mstari mkali.

Kisogo nakitilia mkazo. Kliniki tunawaona vijana wenye vinundu nyuma ya shingo, pale nywele zinapoishia, vidogo mwanzoni, halafu vinashikana kuwa bonge gumu lisiloota nywele. Watu huviita chunusi na kuvikamua. Si chunusi. Ni vifuko vya nywele vilivyovimba muda mrefu mpaka mwili ukajenga kovu nene badala yake, na kunyoa mpaka kwenye ngozi na kola inayosugua huchochea. Vikiwa vichanga tunavituliza kwa dawa ya kupaka, wakati mwingine vidonge vya doksisaikilini, au sindano ya steroidi ndani ya kinundu chenyewe. Vikishakuwa bonge, ni kazi ya kisu. Mangi akiviona hapitishi mashine chini, anamwacha mtu na nywele kisogoni hata kama mitindo inasema vingine. Nimemwona akibishana na kijana wa chuo kuhusu jambo hili mpaka foleni ikaanza kuguna. Kijana alishindwa.

Usafi, sasa. Wembe ni mpya kwa kila mtu, unafunguliwa mbele yako, na uliotumika unaingia kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko. Hapo sina neno. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka usiloliona, kwa hiyo kinyozi anayefuta wembe kwa suruali na kuendelea na mteja wa pili ukimbie, hata kama ni shemeji yako. Mashine zinapigwa brashi kwanza kuondoa nywele, kisha zinapanguswa kwa spiriti na kuachwa zikauke. Huo ndio mpangilio unaotakiwa: dawa haiui kitu ikiwa imefunikwa na takataka.

Kinachonichekesha ni kile kisanduku chenye taa ya zambarau ya kuulia vijidudu kwenye mashine. Kila kinyozi mjini anacho siku hizi, na wateja wanakitazama kwa heshima. Mwanga ule unafanya kazi pale tu unapogusa. Upande wa chini wa kisu, katikati ya meno, palipobaki kipande cha unywele, hapaguswi. Nilimwambia fundi. Akacheka, akasema anajua, ila alipokiondoa wateja waliuliza kimekwenda wapi. Basi kinawaka tu, mapambo.

Aliyeniridhisha zaidi kuhusu mashine ni bibi mmoja, bila yeye kukusudia. Alimleta mjukuu wa miaka kama sita, kichwa kina mabaka ya mviringo yenye unga wa kijivu na nywele zilizokatika juu ya ngozi. Mapunye. Alitaka anyolewe kipara ili apakwe dawa. Fundi alipiga goti akatazama kichwa cha mtoto bila kukishika.

"Shikamoo bibi. Huyu sitamnyoa leo. Nikimnyoa, kesho nitakuwa nimewagawia darasa zima. Mpeleke hospitali kwanza, akianza vidonge mlete, nitamnyoa bure."

Bibi alinung'unika mpaka barabarani, akisema siku hizi hata vinyozi wamekuwa madaktari. Lakini fundi alisema kweli mara mbili. Mashine ikipita juu ya mapunye huondoka na vipande vya nywele vyenye mbegu za fangasi. Tena dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi huyu ameingia ndani ya unywele na ndani ya kifuko chake, mahali krimu haifiki. Kinachofika ni dawa ya kumezwa inayokuja kwa damu, griseofulvini au tabinafini, kwa wiki kadhaa. Kunyoa kipara bila vidonge ni kumfanya mtoto apendeze huku ugonjwa ukiendelea.

Mwanangu mdogo ana pumu ya ngozi, na kwa mama mwenye mtoto wa namna hiyo kinyozi ni mtihani. Tabaka la juu la ngozi yake halishiki maji vizuri, kwa hiyo vitu ambavyo kwa wengine vinapita juu, kwake vinaingia: vipande vya nywele shingoni, poda yenye manukato, jasho chini ya lile shuka la nailoni. Kwa mtoto mweusi usisubiri kuona wekundu unaosimuliwa na vitabu vingi. Utaona rangi ya zambarau au kijivu, vijipele vidogo vya kukwaruza, baadaye ngozi nene iliyoparara kwenye mikunjo. Ninachofanya ni kumpaka mafuta ya mgando shingoni kabla ya kutoka nyumbani. Fundi anafunga kitambaa cha pamba ndani ya shuka, hatumii poda, anafuta kwa brashi laini, na tukifika nyumbani mtoto anaingia majini moja kwa moja. Hajawahi kuwaka baada ya kunyolewa hapa. Kwa kinyozi wa zamani alikuwa akikesha anajikuna.

Kichwa changu nacho kina mba, ule wa kurudirudi, unaoteremka hadi kwenye nyusi na pembeni ya pua ukiacha mabaka yaliyopauka. Kuna kimelea jamii ya hamira anaishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chake ni mafuta ya tezi zetu. Kwa baadhi yetu ngozi humchukia ikavimba na kumwaga magamba. Ukimwagia mafuta ya nazi juu yake umemwandalia karamu. Dada anayeosha nywele hapa anaponiona hachukui chupa ya mafuta, anachukua shampuu yangu ya ketokonazoli ninayoibeba kwenye mkoba, anaipaka, anaiacha dakika 5 kabla ya kusuuza. Hizo dakika 5 ndizo dawa, na saluni nyingi zinakusuuza kabla povu halijatulia. Mteja mwingine ana soriasisi kichwani, magamba mazito yanayovuka mstari wa nywele hadi kwenye paji la uso. Nimemsikia fundi akimuuliza kama leo apitishe kitana au mkono tu. Swali zuri, kwa sababu ngozi ya soriasisi ikikwaruzwa huweza kuzaa baka jipya hapo hapo ilipokwaruzwa. Wala haiambukizi; aliyekaa benchi akasogea pembeni alijisumbua bure.

Nimesifu vya kutosha. Nyota iliyokosekana imekwenda kwa blaki, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Wanaume wa mji huu wamependa kupakwa blaki kwenye ndevu na kwenye mstari wa paji la uso, ili kunyolewa kuonekane kumechorwa kwa rula. Inapendeza, sikatai. Kinachotia weusi kwenye dawa nyingi za aina hiyo ni parafenilinidayamini, kemikali ile ile inayotiwa kwenye piko ya kuchorea maharusi wa Pwani. Hina halisi haitoi mweusi, inatoa kahawia nyekundu. Mtu anaweza kupakwa mara nyingi bila tatizo. Kumbe kila mara kinga ya mwili inaisoma ile kemikali, na siku ikishaikariri, hasira yake haiishi maisha yako yote. Kwa siku moja au mbili hakuna kitu, halafu uso unaanza kuwasha, ngozi inatoa malengelenge na maji, macho yanavimba yanafunga. Nimempokea kliniki kijana aliyetoka kupakwa blaki kwenye duka jingine ambaye mama yake alidhani amepigwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha asilimia 2 ya kemikali hii kwenye dawa za nywele, na kuipaka kwenye ngozi moja kwa moja hairuhusiwi kabisa. Huku kwetu inachanganywa kwenye kifuniko cha soda kwa kukadiria kwa jicho.

Mangi nilimshauri apake tone dogo nyuma ya sikio na asubiri saa 48 kabla ya kumpaka mtu mara ya kwanza. Alikubali, na siku za kazi anafanya. Jumamosi hafanyi. Jumamosi duka limejaa, kijana ana harusi jioni, na kipimo cha saa 48 kinaonekana ni kumfukuzia mteja kwa jirani. Namuelewa, ana kodi ya fremu. Nyota siirudishi. Na ikiwa umewahi kuwashwa na piko, au na blaki yoyote, hata kidogo, usikubali kupakwa hapa wala popote, hata wakikwambia hii ni ya asili.

Kuna pia jiwe la shabu. Linakaa kwenye sahani karibu na kioo, na baada ya wembe baadhi ya wateja wakongwe hulipitisha shavuni ili damu ikate. Shabu inakausha kweli, lakini jiwe ni moja na mashavu ni mengi. Fundi hapaki mtu kwa mkono wake, ila hajathubutu kuliondoa kwa sababu wazee wamelizoea. Chukua lako sokoni Mbuyuni, ni la bei ndogo. Na spiriti ya usoni ikataeni: ni ya vyuma. Ule mwako mnaousifia kwamba "inaua vijidudu" ni ngozi iliyotoka kukwanguliwa tabaka lake la juu ikiungua tu. Maji baridi na mafuta ya mgando kidogo yanatosha, na ukimwomba anakupa hayo.

Bei ni shilingi 4,000 kwa mtu mzima, 5,000 na ndevu, mtoto 2,000. Kuoshwa na kukandwa mabega unaongeza 3,000. Mitaa ya pembeni utapata wa 2,000, na tofauti utaiona shingoni. Mwenye nyumba amepandisha kodi ya fremu hivi karibuni, kwa hiyo sitashangaa bei ikipanda. Benchi la kusubiria ni la mbao bila mto, televisheni haizimwi, na mabishano ya Simba na Yanga yanaendeshwa na fundi mwenyewe akiwa ameshika mashine juu ya kichwa cha mtu. Siku timu yake imefungwa anaongea kidogo na ananyoa vizuri zaidi.

Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Ijumaa kabla ya swala na Jumamosi yote utakaa saa mbili. Wiki ya Krismasi msijaribu: Wachaga wote wamerudi nyumbani, duka limejaa wageni kutoka Dar wanaotaka kung'aa kama chooni mwao kuna kioo cha hoteli, na fundi hana muda wa kubembeleza ngozi ya mtu. Taulo nenda nalo lako. Za pale ni safi, ila ni chache na siku ya mvua hazikauki. Na kama una noti ya elfu kumi, ivunje njiani, kabla ya saa nne hana chenji.